Daktari wa Magonjwa ya Ndani: Kwa Nini Hospitali za Kaunti Zinahitaji Uongozi Wake

SOMO LA AFYA

Mgonjwa akielekezwa kwa daktari wa macho, wa meno au wa upasuaji, anajua anakokwenda. Akiambiwa akamwone daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, huenda akauliza: ndani ya nini? Swali hilo si dogo. Huyu ndiye daktari ambaye kazi yake hasa ni wadi za watu wazima, na ndiye anayetafutwa mgonjwa anapozidiwa na ugonjwa wenyewe haujajulikana. Somo la toleo hili linaeleza kazi yake, sababu ya kumhitaji katika uongozi wa hospitali, na namna mwananchi anavyoweza kuchangia maamuzi kuhusu huduma hiyo.

Huyu ni daktari wa nini?

Daktari wa magonjwa ya ndani hutibu watu wazima bila kutumia kisu cha upasuaji. Moyo, mapafu, figo, ini, damu, kisukari, kifua kikuu, VVU na kiharusi vyote viko katika eneo lake. Chombo chake kikuu ni maswali anayomuuliza mgonjwa, mikono inayompima, na uwezo wa kuunganisha majibu ya maabara na picha za eksirei hadi yatoe maana moja.

Safari ya kufika hapo ni ndefu. Kwanza ni shahada ya udaktari, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya kazi hospitalini. Baadaye daktari hurudi chuoni kusomea shahada ya uzamili katika magonjwa ya ndani. Wengine huendelea zaidi na kubobea katika kiungo kimoja, kama vile moyo au figo. Anayebaki kumtazama mgonjwa mzima ndiye anayeitwa daktari wa magonjwa ya ndani kwa jumla.

Asichanganywe na daktari wa familia, ambaye huhudumia watoto, kina mama na wazee karibu na nyumbani. Mafunzo ya ubingwa huo yalianza nchini mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Moi. Wawili hawa hawashindani. Daktari wa familia humfuata mgonjwa tangu kijijini, na hali ikimshinda humpeleka kwa mwenzake wa magonjwa ya ndani.

Mgonjwa mmoja, magonjwa matatu

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban asilimia 24 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na shinikizo la juu la damu. Asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo, na karibu asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Wengi wa aina hii hufika hospitalini mara ya kwanza wakiwa tayari wana kiharusi, au figo zao zimeharibika.

Tatizo la pili ni kwamba magonjwa haya hayaji peke yake. Tuseme mama wa miaka 58 ana shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya magoti. Katika kliniki moja amepewa enalapril na dawa ya kupunguza maji mwilini. Kliniki nyingine imempa metformin ya sukari. Magoti yakimsumbua, hununua diclofenac katika duka la dawa la sokoni. Kila aliyemhudumia alitaka kumsaidia. Lakini diclofenac hupandisha shinikizo la damu, na ikitumiwa pamoja na zile dawa mbili za shinikizo inaweza kudhuru figo. Figo zikidhoofika, metformin nayo inapaswa kupunguzwa au kusimamishwa.

Hapo hakuna kiungo kimoja cha kutibu. Anahitajika mtu wa kuziweka dawa zote mezani, kuuliza ipi ilianza lini na ipi iondolewe, kisha kuandika mpango mmoja ambao kila kliniki itaufuata. Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye kisukari anayekohoa wiki kadhaa, kwa kuwa kisukari huongeza hatari ya kupata kifua kikuu, na kwa anayetumia dawa za VVU ambaye sasa umri umemletea shinikizo la damu.

Funzo kutoka Eldoret

Mfano mzuri wa madaktari hawa kuongoza uko hapa nchini. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Moi kilianza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Miongoni mwa waanzilishi kutoka Indiana walikuwa madaktari wa magonjwa ya ndani, akiwemo Joe Mamlin. Shabaha ya awali ilikuwa kufundisha madaktari na kuimarisha hospitali ya Eldoret, ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Kisha janga la UKIMWI likajaza wadi. Mwaka 2001 washirika hao walianzisha mpango wa AMPATH, na miongoni mwa vituo vya kwanza kilikuwa kituo cha afya cha Mosoriot katika eneo la Nandi. Viongozi wake hawakuishia kuandika dawa. Waliona kwamba mgonjwa mwenye njaa hawezi kustahimili matibabu, wakaanzisha mashamba ya kuwalisha wagonjwa. Waliona kwamba faili za karatasi zinapotea, wakaanza kuweka kumbukumbu katika kompyuta. Kazi hiyo ya kumbukumbu ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu inayotumika leo katika nchi nyingi.

Baadaye mpango huo ulipanuka na kuhudumia kisukari, shinikizo la damu na saratani. Mambo hayo yalianzia kwa madaktari waliokuwa wakizunguka wadini, wakaona kinachoua wagonjwa, kisha wakawa na mamlaka ya kubadilisha utaratibu. Hili ndilo funzo kwa kaunti: anayeijua wadi akipewa nafasi ya kupanga, mipango hufuata mahitaji ya mgonjwa.

Uongozi unaoonekana wadini

Katiba ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la hospitali, vituo vya afya na zahanati zilizo katika maeneo yao, huku Serikali ya Kitaifa ikibaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya imeruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayokusanya na kuyatumia kwa huduma. Kwa hivyo maamuzi mengi sasa hufanyika karibu na kitanda cha mgonjwa. Dawa ipi inunuliwe kwanza? Nani awe zamu usiku? Mgonjwa wa zahanati atumwe lini hospitalini?

Daktari wa magonjwa ya ndani anayeongoza idara yake husaidia kujibu maswali hayo. Huketi katika kamati ya dawa na kueleza kwa nini dawa za bei nafuu za shinikizo la damu hazifai kukosekana hata wiki moja. Huitisha kikao cha kuchunguza vifo, kisicho cha kutafuta wa kulaumiwa, bali cha kujua ni hatua gani ilichelewa. Huwafundisha matabibu na wauguzi wa vituo vya chini kutambua mapema dalili za hatari.

Umuhimu wa kazi hii ulidhihirika pia mradi wa kitaifa wa kukodi vifaa vya hospitali ulipoanza mwaka 2015. Mradi huo ulilenga hospitali 98, zikiwemo mbili katika kila kaunti, na ulijumuisha mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Mashine ni msaada mkubwa, ila haiamui yenyewe nani aanze kusafishwa damu na lini. Tena haizuii mgonjwa mwingine kufikia hali hiyo. Uamuzi na kinga hutegemea watu.

Uongozi una gharama yake. Daktari bingwa akihamishiwa ofisini moja kwa moja, wadi hupoteza macho na wanafunzi hupoteza mwalimu. Akiachwa wadini tu bila sauti katika mipango, bajeti huandikwa na wasioijua wadi. Njia ya kati ni ratiba inayompa siku za usimamizi na siku za wagonjwa, na msaidizi wa kubeba kazi za makaratasi. Daktari anayeongoza huku bado akifanya raundi hujua dawa imekwisha kabla ripoti haijaandikwa.

Mustakabali wa taaluma hii

Vijana wengi wanaomaliza masomo huvutiwa na ubobezi wa kiungo kimoja, hospitali za binafsi au kazi nje ya nchi. Wabobezi wanahitajika; mgonjwa wa moyo hawezi kukosa mtaalamu wake. Lakini pale ambapo madaktari bingwa ni wachache, mtaalamu wa kiungo kimoja peke yake hawezi kuihudumia wadi yenye wagonjwa wa kila aina. Wa jumla ndiye msingi ambao wengine hujengwa juu yake.

Kuna mambo matatu yanayotia moyo. La kwanza ni Chuo cha Madaktari wa Magonjwa ya Ndani cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ECSACOP, kilichoanzishwa mwaka 2015. Chuo hicho huwafundisha madaktari wakiwa kazini katika hospitali zilizoidhinishwa, hivyo mwanafunzi huendelea kuhudumia wagonjwa anapojifunza. La pili ni Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023, inayounganisha hospitali na vituo vya afya, zahanati na jamii katika mitandao ya huduma. La tatu ni wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa nchini mwaka huo huo, wakipewa vifaa vikiwemo vya kupima shinikizo la damu na sukari.

Hata hivyo, atakayegunduliwa kijijini kuwa na shinikizo la damu lazima apate mahali pa kwenda. Upimaji ukiongezeka na madaktari wasiongezeke, foleni ndiyo itakayoongezeka.

Mwananchi afanye nini?

• Aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kwa matatizo ya kawaida, na aende hospitali ya rufaa akiwa na barua ya rufaa. Dalili za dharura, kama kupooza ghafla upande mmoja au maumivu makali ya kifua, hazisubiri barua.

• Abebe dawa zote anazotumia, zikiwemo za duka na za mitishamba, kila anapokwenda kliniki. Asiache dawa yoyote kabla ya kushauriana na mhudumu wa afya.

• Apimwe shinikizo la damu na sukari hata kama hahisi maumivu.

• Ahudhurie vikao vya ushirikishwaji wa umma. Kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa fedha za umma, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Huko ndiko nafasi za madaktari bingwa na likizo zao za masomo hutengewa fedha.

Maswali ya kujadili katika baraza au kikundi

1. Katika familia yenu, nani anatumia dawa kutoka zaidi ya kliniki moja? Je, kuna mhudumu mmoja anayezijua zote?

2. Hospitali iliyo karibu nanyi ina madaktari wangapi wa magonjwa ya ndani, na wangapi wako masomoni?

3. Kama kaunti ingekuwa na fedha za kununua mashine moja au kumsomesha daktari mmoja, kikundi chenu kingechagua nini, na kwa sababu gani?