Tairi Limefika Mwisho Lini? Maswali na Majibu kwa Mwanafunzi wa Udereva

Swali la 1. Dereva atajuaje kwamba tairi linatakiwa kubadilishwa?

Kwa kuangalia mambo matatu: kina cha kashata, umri wa tairi, na hali ya mwili wake, yaani nyufa, nundu na majeraha. Moja tu likiharibika, tairi linatoka, hata kama mengine mawili yako safi. Wanafunzi wengi huandika "likiwa kipara" wakaishia hapo. Hiyo ni theluthi ya jibu.

Swali la 2. Kashata zinatakiwa kubaki na kina gani?

Kiwango cha chini kinachotumika katika nchi nyingi kwa gari dogo ni milimita 1.6. Tairi jipya huanza na milimita 8 hivi. Huhitaji kifaa kujua umefikia wapi: ndani ya mifereji mikuu kuna vidaraja vidogo vya mpira vyenye kimo hichohicho cha 1.6. Tafuta herufi TWI au alama ya pembetatu kwenye bega la tairi, kisha fuata usawa wake kuelekea katikati, utakiona kidaraja. Kashata zikilingana nacho, tairi limekwisha. Angalia upande wa ndani, kati na nje, maana tairi haliliki sawasawa.

Swali la 3. Kwa nini basi mafundi wengi hushauri kubadilisha kwenye milimita 3?

Kwa sababu ya maji. Mifereji ipo ili kuyaondoa maji chini ya tairi. Ikiwa na kina kidogo, maji hukosa pa kupita, tairi hupanda juu yake na gari huelea: usukani unakuwa mwepesi ghafla na breki hazishiki. Kwa masika ya Dar es Salaam, au mteremko wa Kitonga ukiwa umelowa, mimi nisingekubali pungufu ya 3. Shida ni kwamba kiangazi tairi la milimita 2 huonekana halina tatizo, na dereva hulisahau mpaka mvua ya kwanza.

Swali la 4. Tairi lilikuwa na milimita 8. Baada ya kilomita 40,000 limebaki na 4. Litabadilishwa baada ya kilomita ngapi zaidi?

Limelika milimita 1 kila kilomita 10,000. Kufikia milimita 3 zimebaki kilomita 10,000, kufikia 1.6 zimebaki 24,000. Andika majibu yote mawili na useme lipi ni la usalama na lipi ni la kikomo.

Swali la 5. Umri wa tairi unasomwaje?

Tafuta neno DOT ubavuni, fuata mfululizo wa herufi na tarakimu hadi mwisho. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017, yaani mwanzoni mwa Juni. Ukikuta tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya 2000. Mwache muuzaji uende zako. Kuna mtego hapa: mara nyingi tarehe huwekwa ubavu mmoja, na ubavu huo ukifungwa kwa ndani hutaiona ukiwa umesimama. Piga magoti, washa tochi ya simu.

Swali la 6. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa limeisha?

Ndiyo, na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo. Hewa, jua na joto huukausha, ukapoteza mvutiko, nyufa ndogo zikaanza ubavuni na ndani ya mifereji. Watengenezaji wengi hushauri tairi likishafika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika 10 liondolewe hata kama linang'aa. Baadhi ya watengenezaji wa magari husema miaka 6.

Kwetu swali hili ni la pesa, kwa sababu tairi la mtumba huuzwa kwa kashata zake. Muuzaji anakuonyesha kina, analipaka dawa ya kung'arisha, na mwaka hautajwi. Tairi la spea ni hivyohivyo: halijawahi kugusa lami, lakini lina umri uleule wa gari. Siku likifungwa kwa safari ndefu ya mchana, upepo wake ukiwa pungufu, mbavu hujikunja na kukunjuka bila kupumzika, joto hupanda na tabaka za ndani huachana. Hapo ndipo tairi hupasuka.

Swali la 7. Ulikaji unaonyesha nini?

Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika kingo zote mbili, upepo ni pungufu. Upande mmoja tu: alaimenti. Mabaka mabaka: kagua shokapu na balansi. Tibu chanzo kwanza, la sivyo tairi jipya litakwisha vilevile.

Swali la 8. Majeraha gani hayazibwi?

Nundu ubavuni haina dawa. Ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika, kwa kawaida baada ya shimo au ukingo wa barabara. Pancha ya ubavuni pia haizibwi. Ya katikati ya kashata, isiyozidi milimita 6, huzibika. Kuchonga kashata upya kwenye tairi la gari dogo ni kuliua. Yapo matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE, hayo pekee ndiyo yametengenezwa kwa kazi hiyo.

Swali la 9. Una pesa ya matairi mawili tu. Utayafunga mbele au nyuma?

Nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Fundi atabishana nawe. Mwambie hivi: mbele kukiteleza, ukiachia mafuta gari hurudi taratibu, nyuma kukiteleza, gari huzunguka kabla hujafanya lolote. Isipokuwa gari linaloendeshwa na magurudumu manne muda wote: hilo badilisha yote manne, kwa kuwa tofauti ya ukubwa kati ya mapya na yaliyolika huichosha difu ya kati.