Mume Ana Ratiba, Mke Ana Uchovu

Kwako Mshauri,

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Lodwar, na mke wangu ni muuguzi Kakuma, kwa hiyo twaonana anapopata siku za mapumziko. Mwezi wa Agosti tutatimiza miaka kumi ya ndoa, nami nimeweka akiba ili tusafiri kwa treni, chombo ambacho sijakipanda tangu nizaliwe, tukipitia miji ya milimani: Kitale, Eldoret, Timboroa, Nakuru, Naivasha, Nairobi, Karatina na Nanyuki, kila mji usiku mmoja. Nimeandika ratiba ya kurasa tatu. Nilipomsomea, hata ukurasa wa pili sikuufikia, aliniambia, “Wewe nenda na treni yako, mimi nipe hizo siku nilale.” Nimeumia sana. Mama yangu naye asema fedha hizo zingenunua mbuzi. Je, nimshurutishe, niende peke yangu, au niache kabisa?

Mwenye Ratiba,
Lodwar

Mwanangu Mwenye Ratiba,

Kabla ya kuingia katika nasaha, yafaa nikupe haki yako: mwanamume ambaye baada ya miaka kumi ya ndoa angali akikesha kupanga vituo vya safari atakayokwenda na mkewe, ilhali wengi wa rika lake huikumbuka siku ya harusi pale tu wanapoonyeshwa picha, ni mtu wa kushukuriwa, wala kuumia kwako si jambo la kuchekwa. Walakini shukrani ni jambo moja na insafu ni jambo jingine, na insafu yanilazimu niseme kwamba ratiba yako ina kasoro mbili, moja ya reli na moja ya ndoa, na hiyo ya pili ndiyo kubwa.

Nianze na ile ndogo. Turkana haina reli. Ile iliyonuiwa kutoka Lamu, ipite Isiolo na nchi yenu hadi Sudan Kusini, katika mradi uliozinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 mbele ya Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir na Waziri Mkuu Meles Zenawi, haijatandikwa kwenu hata leo. Tawi la Kitale lilifika mwaka 1926, lakini treni za abiria za huko zilikoma zamani. Na Timboroa, ambayo wapenzi wa reli huitaja kwa taadhima kwa sababu stesheni yake iko katika kimo cha takriban mita 2,740, kwa msafiri wa leo ni mahali pa kupita kwa basi huku amejifunika shuka. Reli mpya ya kwenda upande wa Naivasha, iliyofunguliwa Oktoba 2019, hupita katika handaki la Ngong lenye urefu wa takriban kilomita 4.5, ila hukuteremsha mbali na mji wenyewe, nawe utaanza tena kutafuta matatu. Ama Madaraka Express ya tangu 2017, hiyo ni treni ya nyika na pwani, si ya milima. Kwa hiyo ile uliyoiita safari ya treni, ukiipima kwa insafu, ni safari ya matatu na mabasi yenye kipande cha treni ndani yake.

Kipande chenyewe, hata hivyo, ni kizuri, nacho ni reli ya zamani ya kutoka Nairobi hadi Nanyuki, ambayo treni yake ya abiria ilirudishwa Desemba 2020 baada ya kukatika kwa miaka mingi. Hupita Thika, ikavuka mto Sagana, ikakwea polepole kati ya mibuni na migomba hadi Karatina, kisha Naro Moru, na mwisho Nanyuki karibu na mstari wa ikweta, chini ya Mlima Kenya ambao kilele chake cha Batian kina mita 5,199. Si treni ya kila siku: desturi yake imekuwa kuondoka Nairobi Ijumaa na kurudi Jumapili, kwa hiyo uhakikishe saa na siku katika stesheni ya Nairobi kabla mkeo hajaomba likizo. Na kwa kuwa Agosti ni mwezi wa baridi na mawingu, mlima aghalabu huonekana alfajiri na kujifunika baadaye; asiyeamka mapema asiulaumu.

Sasa niingie katika kasoro kubwa. Katika barua yako umenitajia miji minane kwa mpangilio usio na kosa, lakini hukunieleza hata mara moja mkeo apenda nini, isipokuwa yale maneno aliyokuambia mwenyewe, nawe ukayahesabu kuwa ni matusi, ilhali kwangu mimi ndiyo sehemu ya barua yenye maana kuliko zote. Amesema ataka kulala. Mwamini. Muuguzi wa Kakuma, mji ulio na kambi ya wakimbizi tangu 1992, hahudumii kijiji. Na zamu zake zikiisha, hupakata mkoba wake katika matatu, vumbi likimwingia hata katika mikunjo ya kitambaa cha kichwa, akaenda kilomita zipatazo 120 ili aje kukuona, na siku za mvua huenda akangojea ukingoni mwa laga, yaani mto wa msimu, mpaka maji yapungue. Wewe unayekaa mwaka mzima nyuma ya kaunta, kati ya misumari na mabati, mwendo ndio mapumziko yako. Yeye ambaye ndoa yake yote imekuwa njiani, mapumziko yake ni kitanda ambacho hatakiwi kukiacha asubuhi. Ukimpa usiku mmoja mmoja katika miji minane, kila kukicha akifunga mizigo na kila machweo akiifungua, utakuwa umemzawadia kile kile anachokimbia, tena kwa fedha nyingi.

Kwa hiyo tadbiri yangu ni hii. Atakaporudi kutoka Kakuma usimtajie safari siku ile. Mwache aoge, ale, alale mpaka aamke mwenyewe. Kesho yake, ukiwa huna karatasi mkononi, muulize swali moja: angepewa siku nane zisizo na zamu, angezitumiaje? Kisha unyamaze, hata kama jawabu litachelewa. Nadhani, na huku ni kudhani tu, atakuambia mahali pamoja penye baridi na faragha. Hapo ndipo umweleze Nanyuki: kupanda kwa treni siku moja, wewe ukae dirishani na yeye asinzie begani kwako akitaka, halafu chumba kimoja kwa siku zote zilizobaki, na kurudi Nairobi kwa matatu bila kuingojea Jumapili.

Njia ya kufika Nairobi nayo iangaliwe kwa hadhari. Barabara ya kupitia Lokichar, Kainuk na Kapenguria ni ndefu, na sehemu za Kainuk zimejulikana kwa visa vya ujambazi. Mkienda kwa gari, nendeni mchana na muulize hali ya usalama kabla ya kuondoka. Bora zaidi, kwa kuwa utakuwa umeacha miji karibu yote uliyoipanga, fedha za vyumba vyake zielekeze katika nauli ya ndege ya kutoka Lodwar, kwani mkeo amekwisha kuila barabara ya kumtosha. Na sweta usimwachie yeye kukumbuka. Nanyuki si Lodwar.

Kuhusu mama yako, sina maneno mengi. Hakukosea, maana katika nchi inayopata ukame kama yenu mbuzi ni akiba iliyo hai. Lakini hiyo si fedha ya mbuzi. Mnunulie mmoja au wawili kwa faida ya duka, kwa heshima na bila majadiliano, wala usimfikishie mkeo yaliyosemwa, kwa kuwa maneno ya mkwe yakishafika nyumbani huzaa mengine.

Umeuliza mambo matatu, nami nakujibu hivi: usimshurutishe, na usiache kabisa. Kuhusu kwenda peke yako, ngoja kwanza usikie jawabu lake. Iwapo atasema kwamba treni haitaki hata kidogo, na kwamba zinamtosha siku nane katika nyumba tulivu pale Kitale, basi mpeleke Kitale na ukae naye siku zote nane bila kununa. Reli ya Nanyuki itakungoja. Ijumaa nyingine, yeye akiwa kazini Kakuma na duka ukiwa umemwachia mtu unayemwamini, mwombe ruhusa uipande peke yako, na sidhani kama mke aliyelala akashiba atakunyima.