Vumbi la Kiangazi: Kaya na Mashine ya Kufyonza Vumbi

Mvua zikishakatika na mahindi yakianza kurudi nyumbani, kata ya Mpitimbi huingia katika miezi ya vumbi. Magunia hushushwa sebuleni, mahindi hupukuchuliwa uani, na pikipiki zinazopita barabarani huacha wingu jekundu linaloingia dirishani bila kupiga hodi. Hali huwa hiyo hadi mvua za Novemba au Desemba. Katika miezi hiyo mwenye pumu hulala ameegemea mito miwili, na mama wa nyumba hufagia asubuhi akijua wazi kwamba jioni atalikuta vumbi lilelile.

Umeme nao umesogea. Songea iliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, ikaachana na majenereta ya dizeli, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umeendelea kupeleka nguzo na nyaya vijijini. Nyumba iliyopata taa na televisheni huanza kuwazia pasi, jokofu, na kwa baadhi ya watu, mashine ya kufyonza vumbi. Kijitabu hiki hakiipigii mashine hiyo debe. Nyumba nyingi haziihitaji. Nyumba chache zinaihitaji kweli, na hizo ndizo huuziwa isiyofaa kwa sababu mnunuzi aliangalia namba isiyo na maana.

Vumbi la ndani si udongo peke yake. Ndani yake mna vipande vya ngozi ya binadamu, nyuzi za nguo, pumba za mahindi, masizi ya jikoni, mkojo wa panya uliokauka, na kinyesi cha utitiri wa vumbi. Utitiri huyu ni mdudu mdogo sana, urefu wake haufiki nusu milimita, na makazi yake ni godoro, mito na makochi ya kitambaa. Kinyesi chake ni miongoni mwa vichokozi vikubwa vya pumu na mafua ya mzio. Chembe kubwa za vumbi hunaswa puani na kooni. Zilizo chini ya mikroni 10, yaani sehemu ndogo tu ya unene wa unywele, hupenya hadi kwenye njia za hewa. Zilizo chini ya mikroni 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Ufagio mkavu huondoa taka zinazoonekana na kuzirusha hewani hizi zisizoonekana, na anayefagia ndiye wa kwanza kuzivuta.

Mtu aliyeifanya mashine hii iwe ya nyumbani alikuwa mwenyewe mgonjwa wa pumu. James Murray Spangler alikuwa akifagia duka katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani, na vumbi la ufagio lilikuwa likimtesa. Akaunganisha feni ya umeme, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akapewa hataza Juni 1908, kisha William Hoover akainunua na jina lake ndilo likasambaa duniani. Miaka saba kabla yake Mwingereza Hubert Cecil Booth alikuwa ametengeneza mashine kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi: iliegeshwa nje ya nyumba, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Foronya ya Spangler ndiyo ya kukumbuka mbele ya muuzaji. Kitambaa cha kawaida huzuia taka na kupitisha vumbi laini, na mpaka leo zipo mashine zinazofyonza mbele na kupuliza nyuma.

Kabla ya mashine, sakafu. Nyumba ya sakafu ya udongo haina kazi na kifaa hiki, kwani kitafyonza sakafu yenyewe mpaka kichujio kizibe. Sakafu hiyo ina maradhi yake, nayo hayafyonzwi. Funza huzaliana kwenye mchanga na vumbi kavu la chini. Papasi hujificha nyufani mchana na kutoka usiku kuuma waliolala. Mwaka 1905 Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kwamba kupe hao ndio wanaoeneza homa ya papasi, na mwaka huohuo daktari Everett Dutton, aliyekuwa akichunguza jambo hilohilo Kongo pamoja na John Todd, alikufa kwa ugonjwa huo akiwa Kasongo.

Kwa kaya kama hiyo, fedha ya mashine inunue saruji. Nchini Meksiko, mpango wa serikali wa kumwaga zege kwenye sakafu za udongo, ulioanzia jimbo la Coahuila mwaka 2000, ulifuatiliwa na watafiti, wakakuta watoto wana minyoo kidogo, wanaharisha kidogo na wana damu ya kutosha kuliko wenzao waliobaki kwenye udongo. Karibu zaidi, mkoani Mtwara, watafiti walijenga nyumba 110 za mfano zenye sakafu ngumu, nyavu, jiko lililoboreshwa na maji ya mvua yaliyovunwa. Watoto waliohamia humo walipungukiwa na malaria, kuhara na magonjwa ya njia ya hewa. Nyumba hizo zilikuwa na mambo mengi mapya kwa pamoja, kwa hiyo si haki kuipa sakafu sifa yote, lakini hapakuwa na mashine ya kufyonza vumbi hata moja katika hesabu hiyo.

Mwenye sakafu ya saruji au vigae, bila zulia, naye bado hajafika dukani. Kudeki kunamtosha. Siri ni maji: dekio au tambara lililokamuliwa vizuri hunasa vumbi laini badala ya kulirusha. Ndoo ziwe mbili, ya kulowekea na ya kusuuzia, maana ndoo moja hugeuka tope baada ya chumba kimoja na kinachofuata hupakwa uchafu. Aanze pembe ya mbali kuelekea mlangoni. Meza, kabati na kingo za madirisha zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya sakafu. Ikibidi kufagia, maji kidogo yanyunyizwe kwanza, na mwenye pumu atoke nje akae angalau nusu saa baada ya kazi, vumbi litulie.

Mashine inapata kazi yake palipo na vitu visivyodekika: zulia la manyoya, makochi ya kitambaa, godoro. Inafaa gesti, kanisa au msikiti wenye zulia ukuta kwa ukuta, na inafaa nyumba yenye mgonjwa wa pumu au mzio ambako makochi hayaondoki. Hata hapo matumaini yawe ya kiasi. Uchambuzi wa majaribio 54 uliochapishwa mwaka 2008 haukuona kwamba njia za kupambana na utitiri, ikiwemo kufyonza vumbi, zinatosha kupunguza dalili za pumu. Kuondoa zulia chumbani kwa mgonjwa, kuanika godoro juani, kuvika mito foronya nzito na kufua mashuka kwa maji ya moto ya nyuzi 60 ni kazi zinazokwenda pamoja. Dawa ya kuvuta aliyoandikiwa mgonjwa isiachwe kwa sababu nyumba sasa inang'aa. Anayekohoa usiku, kifua kikipiga filimbi na pumzi ikibana, apelekwe kituo cha afya. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, hiyo ni dharura, asisubiri kesho.

Halafu kuna moshi. Jiko la kuni linalowaka ndani hutoa chembe laini saa nzima wakati mashine hufanya kazi dakika ishirini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kaya yenye fedha ya kitu kimoja tu, kati ya jiko la gesi na mashine ya vumbi, inunue jiko.

Wanaobaki, yaani wenye zulia, makochi na umeme wa kutosha, sasa waende Songea mjini.

Muuzaji atataja wati. Wati ni umeme unaoliwa, si nguvu ya kufyonza. Umoja wa Ulaya ulizuia mashine zinazozidi wati 1,600 mwaka 2014, kisha mwaka 2017 ukashusha kikomo hadi wati 900, na nyumba za huko hazikujaa vumbi. Viwanda vilitengeneza mota na vichwa bora. Kibandiko kilichoandikwa wati 2,200 kwa wino mwekundu kinamweleza mnunuzi jinsi uniti zake zitakavyokwisha, basi.

Uniti zenyewe si za kuogofya. Mashine ya wati 1,000 ikifanya kazi nusu saa hula nusu uniti. Kwa viwango vya EWURA vya mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, hiyo ni shilingi 50 kwa mteja wa D1, yaani wa matumizi madogo, na shilingi 146 kwa wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida. Ikitumika mara moja kwa wiki ni uniti mbili kwa mwezi. Mwenye D1 aliye ukingoni mwa uniti 75 ndiye aangalie, kwa sababu kwa viwango hivyo kila uniti inayozidi hapo ilitozwa shilingi 350. Wenye sola ndogo ya taa na chaji ya simu wasijaribu: paneli ya wati 100 na inveta yake haziwezi kuibeba mota hii.

Cha kuulizia ni kichujio, au filta kama mafundi wanavyosema. Kilichoandikwa H13 kikijaribiwa kwa chembe zilizo ngumu kuliko zote kunasa huzuia asilimia 99.95. Neno HEPA likiwa peke yake kwenye boksi, bila daraja, halina uzito. Hata kichujio kizuri hakina maana kama hewa inapenya pembeni ya kifuniko, kwa hiyo mnunuzi aombe mashine iwashwe palepale. Amwage unga kidogo wa sembe kwenye zulia, aufyonze, huku mwenzake akimulika tochi ya simu penye tundu la kutolea hewa. Vumbi likionekana likicheza kwenye mwanga, arudishe mashine mezani. Muuzaji atanuna, anune.

Swali linalofuata huokoa fedha nyingi kuliko yote: kichujio cha akiba kipo dukani leo? Mifuko je? Mashine ya mfuko wa karatasi humwagwa bila kutimua vumbi, lakini mfuko ukipatikana Dar es Salaam tu, kifaa kitakaa juu ya kabati. Ya kikombe haidai mfuko, ila humwagwa nje, upande ambao upepo hauwarudii watu, na mtu asiye na pumu, akiwa amefunika pua na mdomo. Ya ngoma, ile inayoonekana kwenye sehemu za kuoshea magari, hufyonza hata maji, ina mota ambayo fundi wa kawaida anaweza kuifungua, na kwa nyumba ya kijijini mara nyingi ndiyo inayodumu. Udhaifu wake ni filta ya sponji, hivyo iulizwe kama inakubali kichujio cha vumbi laini. Ya betri hupendeza umeme ukikatika, lakini betri ndiyo itakayochoka mapema, na kama haiuziwi peke yake, mashine nzima imekwisha.

Mtumba una mtego wake. Umeme wa Tanzania ni volti 230, hertz 50. Mashine iliyotoka Marekani imetengenezewa volti 120 na ya Japani volti 100. Ikichomekwa moja kwa moja Mpitimbi huungua ndani ya muda mfupi, na kigeuza umeme cha kuibeba ni kizito na ghali. Kibandiko cha chini kisome 220–240. Waya ukaguliwe kuanzia plagi hadi mwisho, harufu ya kuungua inuswe kwenye tundu la hewa, na cheche nyingi zinazoonekana ndani ya mota ni dalili kwamba kaboni zimeisha. Kaboni hubadilishwa kwa gharama ndogo, na hiyo ni hoja nzuri ya kushushia bei. Kwa kifaa kipya, risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa vichukuliwe hapohapo. Bidhaa bandia huripotiwa Tume ya Ushindani, na zisizokidhi viwango TBS.

Nyumbani, godoro lifyonzwe taratibu, pande zote mbili, na mishono ipitiwe kwa kichwa chembamba. Majivu yenye makaa hayafyonzwi kamwe. Dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi iliyomwagika isifyonzwe pia, maana itapulizwa chumba kizima. Hufutwa kwa tambara bichi na mikono iliyovaa glovu. Kichujio kinachooshwa kikaushwe saa 24 kivulini kabla ya kurudishwa, kwani kibichi huota ukungu na kuielemea mota. Umeme ukishuka na taa kufifia, mashine izimwe. Waya ukiwa wa moto mkononi, usikunjwe ukiwa umechomekwa.

Kikundi cha VICOBA chenye nyumba za jirani kinaweza kununua moja ya ngoma na kuizungusha kwa zamu, mtu mmoja akishika daftari la zamu na fedha ya filta. Ikitoka nyumba yenye kunguni, mpira na kichwa chake vifutwe na ngoma imwagwe mbali, ndani ya mfuko uliofungwa, kabla haijabebwa kwenda nyumba nyingine.