Omena, Moto wa Makaa na Ndoa Changa

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mithali 15:17, Yohana 18:15–18, Yohana 21:1–17



Mchungaji aliponiambia niandike somo la wiki hii kwa ajili ya ndoa changa, nilimjibu kwamba mimi na mke wangu tuko na mwaka mmoja na miezi minne tu, nitafundisha nini? Akasema, "Andika pale ulipoangukia." Basi nimeandika. Mke wangu ameisoma karatasi hii kabla ya kupigwa chapa. Amefuta mstari mmoja, mingine ameiacha.

Tunaishi hapa Manyatta, chumba kimoja cha mabati, mlango umeangalia ua tunaotumia familia sita. Si mnajua Kisumu inavyokuwa kuanzia Januari mpaka Machi. Saa nane mchana ndani hakukaliki. Jioni kila nyumba inatoa jiko nje, watu wanaketi kwa vigoda wakingoja upepo wa ziwa, watoto wanakimbizana kati ya masufuria, na ukipita saa kumi na mbili unajua kila nyumba inakula nini bila kuuliza. Hapo hakuna siri. Ukipika kuku, ua wote umepika kuku.

Mke wangu ni nyar Seme, na ndivyo ninavyomwita. Amelelewa karibu na maji, kwa hivyo omena anaijua kuliko mimi wa kutoka milimani Nyakach. Miezi hii ya jua ndiyo miezi ya omena nzuri. Wavuvi huivua usiku wa giza kwa taa, asubuhi inaanikwa, na jua likiwa kali inakauka siku hiyo hiyo, haipati nafasi ya kunuka. Ikinyesha, inaharibika, mwisho wake ni chakula cha kuku. Halafu kuanzia Aprili mpaka Julai upande wetu wa Kenya inafungwa isivuliwe, ndipo izaliane. Kwa hiyo mwanamke mwenye akili ananunua mapema, gorogoro nzima ikiwezekana, anaweka.

Anavyoipika ni hivi. Kwanza anaichambua kwa ungo, anatoa vijiti na mawe. Anaimwagia maji moto, anaosha, anamwaga, anaosha tena, mpaka mchanga uishe chini ya karai. Anaikausha kwa sufuria bila mafuta mpaka ianze kulia. Ndipo mafuta kidogo, kitunguu, nyanya tatu zilizoiva sana, chumvi, na ndimu mwishoni. Kando kuna osuga iliyolala kwa maziwa, au sukuma kama pesa imebana. Ugali wa mahindi, wakati mwingine umechanganywa na mtama. Yote hiyo, pamoja na makaa ya mkebe mmoja, haikufika shilingi 200 kwa watu wawili, na ilikuwa inabaki ya asubuhi.

Sasa sikilizeni nilichofanya na baraka hiyo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma upande wa Kibuye. Ijumaa tukilipwa, wenzangu hupenda kwenda kwa kibanda kimoja cha samaki karibu na ziwa. Nikaanza kuandamana nao. Mara ya kwanza niliambiwa ni sherehe ya kazi kubwa ya mageti tuliyomaliza. Mara ya pili haikuwa na sababu. Mara ya tatu sikuwa na pesa, nikaandikwa kwa daftari. Ngege mzima aliyekaangwa, ugali, kachumbari, soda baridi. Nikifika nyumbani saa mbili na nusu, sahani yangu imefunikwa mezani, mke wangu hajala, ananingoja. Namwambia, "Nimeshiba, mama, wewe kula." Anakula peke yake mbele yangu. Mtu asiniambie kwamba hiyo si dhambi kwa sababu haiko kwa zile Amri Kumi.

Lakini kuanguka kwenyewe kulikuja Ijumaa moja ya Februari. Tulikuwa tumesimama kando ya jiko la makaa, tukingoja samaki wageuzwe. Mwenzangu akaniuliza, "Wewe umeoa juzi tu, mbona hukimbilii nyumbani? Bibi hapiki?" Nikasema, kwa sauti ya kuchekesha, "Kwangu ni omena, Jumatatu mpaka Jumatatu." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Mama aliyekuwa akigeuza samaki hakucheka. Kumbe anajuana na jirani yetu wa nyumba ya nne.

Jumamosi jioni maneno yalikuwa yamefika uani kwetu, tena yakiwa yamenona. Jumapili nikaja kanisani, nikainua mikono, nikaimba. Tukarudi. Mke wangu akapika kama kawaida, akaniwekea sahani, akasema maneno matatu tu: "Kula. Ni omena." Baada ya hapo nyumba ikanyamaza. Salamu zipo, maji ya kuoga yapo, shati limepigwa pasi, lakini mazungumzo hakuna. Ilienda hivyo siku tisa. Ndugu, chumba kimoja chenye watu wawili wasiozungumza, katika joto lile, ni kidogo kuliko jela.

Siku ya kumi ilikuwa ushirika wa nyumbani, na kiongozi akanipa nisome Yohana 21 kwa sauti. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi. Petro na wenzake, saba kwa jumla, wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Hata hiyo tunaielewa sisi watu wa ziwa. Lile ziwa la Galilaya, ambalo Biblia inaliita bahari, ni dogo sana ukilinganisha na letu, urefu wake ni kama kilomita 21 tu, lakini ni maji yasiyo na chumvi kama haya yetu, na samaki wa jamii ya ngege wanavuliwa humo mpaka leo. Wageni wanaozuru Israeli huuziwa samaki huyo akiitwa samaki wa Petro. Basi nikasoma mpaka mstari wa tisa, pale wanaposhuka pwani na kukuta moto wa makaa. Ulimi ukashikwa. Nilikumbuka ni wapi pengine Petro alisimama kando ya moto wa makaa.

Fungua Yohana 18:18. Ni uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, watumishi wamewasha makaa wanaota moto, na Petro yuko katikati yao akiota pia. Hapo ndipo wanamuuliza kama ni mmoja wa wanafunzi, naye anakataa. Wanaojua Kigiriki wanatueleza kwamba neno hilo la moto wa makaa linapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya lote, na mara hizo mbili ni hizi. Yohana hakuliandika kwa bahati. Petro alimkana Bwana wake akiwa amejipasha joto kwa moto wa watu wengine. Nami nilimkana nyar Seme nikiwa hivyo hivyo, nikingoja samaki wa deni.

Angalia jinsi Yesu alivyomponya. Hakumwita ofisini. Hakumtangaza madhabahuni. Aliwasha jiko. Yeye aliyefufuka, mwenye mamlaka yote, asubuhi hiyo alikuwa mpishi kando ya maji. Na chakula chake kilikuwa tayari kabla wale samaki 153 wakubwa hawajafikishwa nchi kavu. Neno analotumia Yohana kwa samaki aliyekuwa juu ya makaa si lile la samaki wakubwa wa wavuni. Ni neno alilolitumia kwa wale samaki wawili wa kijana mwenye mikate mitano, na asili yake ni kama tunavyosema kitoweo, kitu cha kulia mkate. Yaani Bwana aliandaa mkate na kitoweo. Mimi nikisoma hapo naona ugali na omena, na mtu akitaka kubishana nami tubishane tukiwa tumekula.

Halafu, mstari wa 15, ni baada ya kula ndipo anamuuliza Petro juu ya upendo. Kabla ya kula hakumuuliza juu ya hilo. Njaa na aibu vikikaa pamoja, mtu hujibu vibaya.

Kesho yake nilitoka kazini saa kumi. Nikapita sokoni, nikanunua omena ya shilingi 50, nyanya, kitunguu, makaa ya mkebe. Nikatoa jiko nje nikaanza kupepea. Nilikuwa nimemkana mbele ya watu, kwa hivyo niliona siwezi kutubu nikijificha nyuma ya pazia. Mwanamume wa kwetu kupika uani, mbele ya familia sita, si kitu kidogo. Mzee wa nyumba ya kwanza akaniita. "Kijana, bibi yako anaugua?"

"La, mzee, yuko mzima."

"Basi umerogwa."

Wote wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa juu yangu, mahali pake. Mama wa nyumba ya nne, ndiyo, yule yule, akaniletea nusu ya ndimu bila kusema kitu.

Mke wangu akatoka kwa mama yake mdogo akanikuta nimelowa jasho, ugali umeshika upande mmoja. Hakusema. Alinawa, akaketi. Tukala. Tonge la kwanza nikasikia mchanga kwa meno. La pili pia. Akaniangalia.

"Uliosha mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ja-Nyakach, umetulisha ufuo mzima."

Akacheka. Siku kumi sikuwa nimesikia hicho kicheko. Tulikula yote, mchanga na vyote. Alipomaliza kunawa ndipo akauliza, na aliuliza mara moja tu: "Uliionea aibu omena, ama ulinionea aibu mimi?"

Nilitaka kusema ilikuwa mzaha. Nikakumbuka Petro, jinsi safari hii hakujitetea. Nikamwambia ukweli: ilikuwa aibu ya mfuko wangu. Nilitaka wale wenzangu wanione mtu anayeweza samaki. Nikamwambia na lingine ambalo hakuna jirani aliyelijua, kwamba kwa lile daftari nilikuwa nadaiwa shilingi 1,850. Hilo lilimuuma kuliko yale maneno. Alilia. Zilikuwa jioni nyingi za chakula chetu, nilizozila peke yangu na kumwambia nimeshiba. Tulilipa kidogo kidogo kwa wiki tano, na pesa ya mwisho alienda kuilipa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akasalimiana na yule mama wa samaki.

Sasa someni Mithali 15:17. Sulemani anapima sahani mbili: ya mboga tupu pahali penye upendo, na ya ng'ombe aliyenona pahali penye chuki. Hakusema mboga ni tamu kuliko nyama. Alijua nyama ni tamu, alikuwa mfalme. Tuko na mafundisho siku hizi yanayopima baraka ya nyumba kwa uzito wa sahani, na vijana wetu wanaoa wakiwa na mzigo huo, wanaanza kukopa ndio waonekane. Nawaombeni someni pia Kumbukumbu la Torati 24:5. Mungu alimpa mume mpya mwaka mzima bila vita wala shughuli ya umma, kazi yake iwe kumfurahisha mke wake. Sheria hiyo haikutaja pesa hata mara moja.

Kumfurahisha kwenyewe, hapa Manyatta, hakukuwa kugumu kama nilivyodhani. Machi hiyo tulikuwa tunaketi nje stima ikipotea, tunakula njugu karanga za kukaanga, yeye ananisimulia mambo ya Seme. Embe moja kubwa tunaligawa, yeye anapenda kokwa, mimi nyama. Jumapili baada ya ibada tunapanda matatu mpaka mjini, halafu tunatembea taratibu mpaka Dunga, tunatazama mashua na jua likizama nyuma ya mafunjo, tunarudi hatujanunua kitu isipokuwa muwa.

Na samaki je? Tunakula. Ijumaa napitia kwa akina mama wa Obunga nanunua mgongo wazi. Mbuta minofu yake inaenda ng'ambo, sisi tunabakiziwa mifupa na kichwa, lakini ukiichemsha na nyanya na pilipili, supu yake utasahau ng'ambo iko wapi. Naibeba nyumbani kwa mfuko. Wenzangu wa kazi wakiniita, nawaambia leo ni mgongo wazi, karibuni. Mmoja amewahi kuja na mke wake. Walikuta vigoda viwili tu, wanaume tukakalia mitungi ya maji.

Jumatano ijayo, saa kumi na moja jioni, darasa la ndoa changa litakutana uani kwetu, si kanisani. Kila nyumba ije na kile itakachokuwa imepika siku hiyo, hata kama ni sukuma pekee, na mtu asipike cha wageni. Tutakula kwanza, ndipo tufungue Yohana 21, na maswali yataulizwa baada ya kunawa. Jiko nitawasha mimi. Omena nayo nitapika mimi, na mke wangu amesema atasimama kando ya karai akihesabu maji.