Jina la Bagamoyo na Kumbukumbu ya Wapagazi wa Usukuma

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi jina la Bagamoyo linavyofasiriwa kwa mgeni atokaye Shinyanga au Geita. Bandari hiyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani hadi makao hayo yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Baadaye ilififia kibiashara, ikaja kuinuka tena kwa njia ya utamaduni. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Majengo ya kale nayo yamekuwa kivutio cha wageni, ambao hawakosi kuelezwa maana ya jina la mji.

2.0 Tafsiri Mbili za Jina

Jina hilo hunasibishwa na kirai bwaga moyo. Tafsiri mojawapo ni ya mtumwa: hapa uache moyo wako, kwani mbele ni bahari. Nyingine ni ya mpagazi: tua mzigo, moyo upumzike. Kiisimu, zote mbili zina mashiko. Kitenzi bwaga huambatana na mzigo, na aubwagaye hupata nafuu. Lakini katika nahau bwaga manyanga, kitenzi hicho hicho hubeba maana ya kukata tamaa. Kwa hiyo, lugha peke yake haiamui. Historia haina budi kuulizwa.

3.0 Ushahidi wa Historia

Katika karne ya 19, bandari kuu ya watumwa katika mwambao huo ilikuwa Kilwa. Watumwa walipitishwa Bagamoyo pia, ila uhai wa mji ulitokana zaidi na misafara ya pembe za ndovu. Wengi wa waliozibeba walikuwa watu huru wa Unyamwezi na Usukuma, walioajiriwa kwa ujira na posho. Walijua kupatana, na wasiporidhika waliweza kuuacha msafara njiani. Hata hivyo, pwani waliitwa Wanyamwezi bila kubaguliwa. Sukuma katika Kinyamwezi ni kaskazini. Jina Wasukuma lilionyesha mwelekeo kabla ya kuwa la kabila. Hivyo, mchango wa wahenga wa Shinyanga umefichika ndani ya jina la jirani zao.

4.0 Hitimisho

Leo kijana wa Shinyanga huenda machimboni Geita kutafuta riziki, kama wahenga wake walivyoitafuta pwani. Akifika Bagamoyo na kusimuliwa tafsiri ya mtumwa pekee, atarudi akiwajua wahenga hao kama mateka tu, wala si kama wafanyakazi waliojua thamani ya jasho lao. Kuifuta tafsiri hiyo, kwa upande mwingine, ni kuwadhulumu waliopita hapo wakiwa katika minyororo. Inafaa tafsiri zote mbili zisimuliwe pamoja, kila moja na wenyewe. Mji unaofufuliwa kwa utamaduni hauna budi kuwakumbuka pia waliokuwa wakiubebea mizigo.