Plastiki Zinazooza: Kutoka Uzi wa Mshono Hadi Shimo la Taka

Utangulizi

Mgonjwa anayeambiwa kwamba nyuzi alizoshonewa zitayeyuka zenyewe huondoka hospitalini na maswali ambayo mara nyingi hayaulizi: zitayeyuka lini, zitakwenda wapi, na itakuwaje zikiyeyuka kabla jeraha halijafunga? Nyingi ya nyuzi hizo ni plastiki za kundi linaloitwa plastiki zinazooza. Plastiki za kundi hili husifiwa pia sokoni kuwa suluhisho la uchafuzi wa mazingira. Makala haya yanaeleza asili yake, namna zinavyovunjika, na sababu ya neno "kuoza" kutokuwa na maana kamili mpaka vitajwe mahali na muda.

Asili na hatima ni mambo mawili

Polima ni molekuli ndefu iliyoungwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, mithili ya shanga katika uzi. Wanga wa muhogo, selulosi ya pamba, kolajeni ya ngozi na kasini ya maziwa ni polima za asili. Mbili za mwisho ni protini. Polima nyingine huungwa kiwandani kwa malighafi ya mimea. Asidi ya laktiki, ile ile inayoyapa maziwa ya mtindi ukali wake, hupatikana kwa kuchachusha sukari ya mahindi au miwa. Ikiungwa huwa polilaktiki, plastiki ngumu inayotengenezewa vikombe na pia skrubu za kuunganishia mifupa. Bakteria nao hutengeneza polima: mwaka 1926 Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur, Ufaransa, alieleza polihidroksibutireti, ambayo bakteria hujiwekea kama akiba ya chakula.

Hata hivyo, kutokana na mmea si dhamana ya kuoza. Polithini inayotengenezwa Brazil kutokana na pombe ya miwa ni sawa na polithini ya petroli, na haiozi. Kinyume chake, polikaprolaktoni hutokana na petroli, lakini huoza. Kinachoamua ni viungo vinavyoshika molekuli. Uti wa polithini ni kaboni tupu, na maji hayapati pa kuukata. Viungo vya polilaktiki na vya protini hukatwa na maji au vimeng'enya.

Ndani ya mwili

Mwili una nyuzi joto 37, unyevu wa kudumu na vimeng'enya vingi. Kwa hiyo muda wa kuvunjika kwa uzi unaweza kukadiriwa, nao hutofautiana kulingana na aina:

1. Katigati ni kolajeni ya utumbo wa kondoo au ng'ombe. Huvunjwa na vimeng'enya. Ile ya kawaida hupoteza nguvu ndani ya siku 7 hadi 10. Iliyotiwa kromiamu huhimili zaidi kidogo.
2. Poliglaktini 910 huungwa kwa asidi ya glaikoliki na asidi ya laktiki, na huvunjwa na maji. Hubaki na takriban nusu ya nguvu yake katika wiki ya 3, na hufyonzwa kabisa kati ya siku 56 na 70.
3. Polidioksanoni hubaki na nusu ya nguvu yake au zaidi katika wiki ya 4, na huchukua takriban miezi 6 hadi 7 kufyonzwa.

Mabaki ya asidi ya laktiki huingia katika njia za kawaida za mwili za kutengeneza nishati, yakaishia kuwa maji na hewa ya ukaa.

Tofauti moja haina budi kukaziwa: uzi hupoteza nguvu muda mrefu kabla ya kutoweka. Utando imara wa ukuta wa tumbo hupona kwa wiki nyingi, na haurudii nguvu yake yote ya awali. Ukifungwa kwa katigati, uzi utalegea wakati utando bado ni dhaifu, na mshono unaweza kufumuka hata kama ngozi ya juu imeshikana vizuri. Hatari huongezeka kwa mgonjwa mwenye kisukari, lishe duni au maambukizi. Tena maambukizi yenyewe huharakisha kuvunjika kwa katigati.

Kwa kuwa maji ndiyo yanayovunja nyuzi za kiwandani, pakiti yake hukinga unyevu. Uzi uliobaki katika pakiti iliyofunguliwa au kutoboka hautunzwi kwa matumizi ya baadaye, wala haurudishwi katika mashine ya kutakasa kwa mvuke: unaweza kuonekana mzima ilhali nguvu yake imekwisha.

Nje ya mwili

Polilaktiki hiyo hiyo ikitupwa nyuma ya jengo haifuati ratiba. Ili ioze haraka huhitaji joto la karibu nyuzi 60, unyevu na vijidudu, hali inayopatikana katika mitambo ya mboji. Katika udongo wa kawaida au baharini inaweza kudumu kwa miaka. Kipimo cha Ulaya cha EN 13432 kinapoidhinisha kifungashio, kinazungumzia mitambo hiyo, si shimo la uani.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya huduma za afya viliachwa nje ya katazo. Kwa hiyo wajibu wa kuchagua na kutenganisha umebaki kwa vituo vyenyewe. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba asilimia 85 ya taka za huduma za afya si hatarishi. Hapo ndipo vikombe, sahani na vifungashio vinavyooza vinaweza kusaidia, mradi kuwe na mahali pa kuviozesha. Kifaa kilichogusa damu ni taka ya maambukizi hata kikiwa cha muhogo mtupu, kwa kuwa kuoza si kutakasa.

Mambo ya kuzingatia kwa mgonjwa

Mgonjwa ana haki ya kuuliza alishonwa kwa uzi gani, na kama kuna nyuzi za kurudi kutolewa. Ncha ya uzi ikichomoza, isivutwe, arudi kituoni. Usaha, homa, mshono kuachia, au maji ya rangi ya waridi yanayotoka ghafla katika mshono wa tumbo ni dalili za kurudi hospitalini siku hiyo hiyo.

Vidonge vingi vya kapsuli vina ganda la jelatini, protini ya ng'ombe au nguruwe. Mwenye shaka ya kidini amwulize mfamasia, kwani yapo maganda ya selulosi. Asiache dawa wala kufungua kapsuli kwa uamuzi wake.

Hitimisho

Plastiki inayooza hufanya kazi iliyokusudiwa pale tu inapokutana na joto, maji na vimeng'enya vinavyoifaa. Mhudumu anayeshika uzi, na anayeshika ndoo ya taka, wote wawili wana swali moja la kujiuliza kwanza: itaozea wapi, na kwa muda gani?