Sidii, MP3 na Sikio la Mtafiti: Ubora wa Sauti katika Nyimbo za Eastlands, Nairobi

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu anayetafuta data ya Sheng au ya Kiswahili cha Nairobi mara nyingi huanzia kwenye nyimbo. Hilo si jambo la kushangaza. Mitaa ya Eastlands imetoa wasanii ambao kazi zao ni hazina ya lugha ya mjini: Kalamashaka wa Dandora walioanza kusikika mwishoni mwa miaka ya 1990, wasanii wengi walioshiriki katika albamu ya Kilio cha Haki ya mwaka 2004, na wale wa mtindo wa Genge waliorekodi katika Calif Records, studio iliyopata jina lake kutokana na mtaa wa California. Jua Cali na Nonini ni mifano miwili inayojulikana na wengi.

Hata hivyo, kuna swali ambalo tasnifu nyingi hulipita bila kulitazama. Mtafiti anaposema kwamba amechanganua wimbo fulani, amechanganua sauti ipi hasa? Je, ni ile iliyo katika sidii iliyotoka studioni, au ni faili ya MP3 iliyopita katika kompyuta na simu nyingi kabla ya kumfikia? Makala haya yananuia kulinganisha ubora wa sauti wa aina hizo mbili za hifadhi, kisha kuonyesha jinsi tofauti hiyo inavyoweza kuathiri uchanganuzi wa lugha. Hoja yetu kuu ni kwamba mtafiti asiyejua historia ya faili yake anaweza kumtwika msemaji kosa la mashine.

2.0 Sauti katika sidii

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ili mtikisiko huo uhifadhiwe kidijitali, ni lazima upimwe tena na tena na vipimo hivyo viandikwe kwa tarakimu. Kanuni za sidii ya muziki ziliwekwa na kampuni za Philips na Sony mwaka 1980, na sidii za kwanza zikaingia sokoni mwaka 1982. Kwa mujibu wa kanuni hizo, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani huwekwa katika mojawapo ya ngazi 65,536. Kazi hii hufanywa kwa mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia. Tukizidisha 44,100 kwa 16, kisha kwa 2, tunapata biti 1,411,200 kwa kila sekunde.

Idadi ya vipimo haikuchaguliwa kibahati nasibu. Kanuni ya upimaji inasema kwamba masafa ya juu kabisa yanayoweza kuhifadhiwa ni nusu ya idadi ya vipimo kwa sekunde. Nusu ya 44,100 ni 22,050. Sikio la binadamu mwenye afya husikia masafa ya takribani hezi 20 hadi 20,000, na uwezo wa kusikia masafa ya juu hupungua kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo sidii inahifadhi upeo wote wa masafa yanayosikika na binadamu.

3.0 Sauti katika MP3

MP3 ilitokana na utafiti uliofanywa hasa katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani. Kiambishi cha faili .mp3 kilianza kutumika mwaka 1995. Lengo la watafiti hao lilikuwa kupunguza ukubwa wa faili bila msikilizaji kung'amua upungufu.

Mbinu yao inategemea udhaifu wa sikio. Sauti kubwa inapotokea, sauti ndogo yenye masafa ya karibu nayo hufunikwa na haisikiki. Ngoma ikilia kwa kishindo, mnong'ono uliotokea papo hapo hupotea. Programu ya kubana sauti hugawa wimbo katika vipande vidogo vya muda, huchunguza masafa yaliyomo katika kila kipande, kisha hukadiria ni yapi ambayo sikio halitayahisi. Hayo huandikwa kwa biti chache au huachwa kabisa. Ieleweke hapa kwamba kilichoachwa hakihifadhiwi mahali pengine popote. Kimetoweka.

Kiwango cha kubana hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Wimbo wa dakika 4 utakuwa na ukubwa ufuatao:

(a) katika sidii: megabaiti 42.3;
(b) MP3 ya kilobiti 320: megabaiti 9.6;
(c) MP3 ya kilobiti 128: megabaiti 3.84;
(d) MP3 ya kilobiti 64: megabaiti 1.92.

Tarakimu hizi zinaeleza kwa nini MP3 ilipokelewa kwa mikono miwili. Kwa modemu ya simu yenye kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde, wimbo (c) ungehitaji takribani dakika 9 kupakuliwa, hata kama modemu ingefikia kasi yake kamili. Wimbo huo huo ukiwa haujabanwa ungehitaji zaidi ya saa moja na dakika 40. Kwa kijana wa Kayole au Umoja aliyelipia saiba kwa dakika, hapakuwa na hiari. Kadhalika, diski tupu ya megabaiti 700 ambayo ingebeba nyimbo chini ya 20 kwa kanuni za sidii ya muziki iliweza kubeba zaidi ya nyimbo 180 za kilobiti 128.

4.0 Mtego wa sidii iliyochomwa

Watu wengi huamini kwamba chochote kilicho katika sidii kina ubora wa sidii. Imani hii inafaa kurekebishwa. Mtu akichukua faili ya MP3 ya kilobiti 128 na kuichoma katika diski kama sidii ya muziki, kompyuta huijaza hadi ifikie biti 1,411,200 kwa sekunde. Diski hiyo itacheza katika redio yoyote yenye sehemu ya sidii, lakini masafa yaliyoachwa wakati wa kubana hayarudi. Ni sawa na kumimina uji mwepesi katika sufuria kubwa: sufuria haiuongezei unga.

Tatizo huzidi pale diski hiyo inapogeuzwa tena kuwa MP3. Programu ya pili haijui kazi ya ile ya kwanza. Hukadiria upya, huacha mengine, na upungufu hujilimbikiza. Wimbo uliobanwa studioni ili utumwe, ukachomwa katika diski ya kuuzwa kandokando ya barabara, ukabanwa tena ili uingie katika simu, umepoteza zaidi ya wimbo uliobanwa mara moja tu.

Ni muhimu tutofautishe kunakili na kubana upya. Faili ya MP3 ikinakiliwa kutoka kompyuta hadi kompyuta mara mia moja, nakala ya mia moja ni sawasawa na ya kwanza. Jambo hili halikuwezekana katika kanda, ambapo kila nakala iliongeza mvumo. Kinachodhuru ni kufungua, kubadilisha umbo na kubana tena.

5.0 Athari kwa uchanganuzi wa lugha

Sasa tugeukie fonetiki. Sauti za lugha haziathiriki kwa kiwango kimoja. Irabu hutambulikana kwa fomanti, na fomanti muhimu ziko chini ya masafa ya takribani hezi 3,500. Sehemu hii ya masafa huhifadhiwa vizuri kiasi hata katika faili ndogo. Kwa sababu hiyo mwanafunzi anayehesabu mizani, anayetazama vina au anayechunguza kubadili msimbo katika wimbo anaweza kutumia MP3 ya kawaida bila wasiwasi mkubwa.

Hali ni tofauti kwa vikwamizo. Nguvu kubwa ya /s/ iko katika masafa ya juu, kwa kawaida kuanzia hezi 4,000 na kuendelea, ilhali ya /sh/ huanza chini zaidi. Nazo /f/ na /th/ ni hafifu na zimetawanyika katika masafa mapana. Faili ya kilobiti 128 kwa kawaida hukata masafa yaliyo juu ya takribani hezi 16,000, na hapo maneno bado yanasikika vyema. Faili zilizobanwa sana hukata chini zaidi, na vikwamizo ndivyo huumia kwanza. Simu ya kawaida, ambayo hupitisha takribani hezi 300 hadi 3,400 pekee, ni ushahidi tosha: ndiyo maana tunapotaja jina geni kwa simu hulazimika kulitaja herufi kwa herufi.

Fikiria jozi hizi: thamani na samani, dhana na zana, fika na shika, saba na shaba. Katika jozi ya kwanza na ya pili, Eastlands ina jambo la ziada. Baadhi ya wasemaji wa Nairobi hutamka /th/ na /dh/ za Kiswahili sanifu kwa namna nyingine, zikakaribia /s/ na /z/ au /t/ na /d/. Hili ni suala halali la kuchunguzwa na isimujamii. Lakini mtafiti akisikia "samani" mahali ambapo alitarajia "thamani", na data yake ni faili ya kilobiti 32 au 64 iliyobanwa mara kadhaa, hana uhakika kama amesikia lahaja au amesikia upungufu wa faili.

Vipasuo navyo vina tatizo lao. MP3 hushughulikia sauti kwa vipande vya muda, na mlio mkali unapotokea ghafla katikati ya kipande, kelele hafifu huweza kutawanyika hadi kabla ya mlio wenyewe. Katika muziki, ngoma hupoteza ukali wake. Katika spektogramu, mwanzo wa kipasuo huweza kuonekana umefifia. Mtafiti anayepima mpumuo, mathalani kutofautisha paa la nyumba na p'aa mnyama kwa wasemaji wa lahaja za pwani wanaoishi Nairobi, hupima muda kwa milisekunde. Kwake yeye mtawanyiko huo si jambo dogo.

Uzito wa suala hili ni wa kijamii pia. Wasemaji wa Eastlands wamelaumiwa kwa miaka mingi kwamba wanaharibu Kiswahili. Iwapo tutawaongezea makosa ambayo hawakuyatamka, tutakuwa tumetoa hukumu kwa ushahidi mbovu.

6.0 Je, sidii hushinda daima?

La. Haki inatutaka tutaje upande wa pili. Faili ya MP3 ya kilobiti 256 au 320 iliyotengenezwa moja kwa moja kutoka sidii halisi ni vigumu kutofautishwa na sidii hiyo, hata kwa vifaa vizuri. Mbinu zilizokuja baada ya MP3, kama AAC, hufanya vizuri zaidi kwa biti zile zile. Ndani ya matatu ya Buru Buru au Dandora, penye ngurumo ya injini na spika zilizotiwa besi kupita kiasi, tofauti hiyo haina maana yoyote.

Zaidi ya hayo, sidii haiwezi kuzidi kilichorekodiwa. Wimbo uliorekodiwa kwa maikrofoni duni utabaki duni. Vilevile diski za kuchoma huchakaa: hukwaruzika, na tabaka lake la ndani huharibika kwa joto na mwanga. Diski moja kabatini si hifadhi ya kutegemewa.

Kuna pia njia ya tatu. FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, hubana faili bila kuacha biti hata moja. Ukubwa hupungua hadi karibu nusu, lakini ikifunguliwa, sauti hurudi kama ilivyokuwa. Umbo hili linafaa sana kwa hifadhi ya idara zetu.

7.0 Mapendekezo na zoezi

Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwenda nyanjani tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, arekodi mahojiano kwa umbo la WAV, vipimo 44,100 au 48,000 kwa sekunde na biti 16 au zaidi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa sana na haufai kwa vipimo vya fonetiki. Pili, anapotumia nyimbo, aeleze katika sura ya mbinu za utafiti chanzo cha kila faili, umbo lake na kilobiti zake. Tatu, atafute sidii asilia au, ikiwezekana, faili ya studio. Nne, ahifadhi nakala mbili mahali tofauti.

Wasomaji wanaweza kujipima kwa zoezi hili. Chukua wimbo kutoka sidii asilia, utengeneze MP3 ya kilobiti 64, nyingine ya 128 na nyingine ya 320. Mwombe mwenzako akuchezee sidii na mojawapo ya faili hizo mara 10, kwa mpangilio usioujua, nawe utaje ipi ni ipi. Kwa kubahatisha tu utapata takribani 5. Ukipata 9 au 10, umesikia tofauti kwelikweli, maana uwezekano wa kufika hapo kwa bahati ni karibu asilimia 1. Kisha rudia kwa kusikiliza vikwamizo pekee.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sidii huhifadhi upeo wote wa masafa yanayosikika, ilhali MP3 huacha sehemu ya sauti kwa kutegemea makadirio. Tumeona kwamba upungufu huo ni mdogo katika faili za kilobiti nyingi, na ni mkubwa katika faili zilizobanwa sana au zilizobanwa mara kadhaa. Tumeona pia kwamba umbo la diski peke yake si uthibitisho wa ubora.

Nyimbo nyingi za Eastlands za miaka ya 2000 zinaendelea kupatikana kwa wingi kama faili zilizobanwa, huku sidii zake asilia zikizidi kuadimika. Kila sidii asilia iliyo nyumbani kwa msomaji wa jarida hili ni hati ya lugha. Inafaa inakiliwe kwa umbo lisilopoteza kitu, iandikiwe jina la msanii, studio na mwaka, na itunzwe kabla haijawa mikwaruzo mitupu.